Kukosea kwa Sauti Ile Ile

Siku mliponiaga pale maternite, nyumba yetu ya kuzalia, ninyi wakunga wadogo mliniomba niwaandikie kazi ilikuwaje zamani. Nilikubali kwa sababu soda zilikuwa bado mezani na sikutaka kuharibu sherehe. Sasa msimu mzima wa mvua umepita nikiwa nyumbani hapa Butembo, na kisingizio sina tena. Habari za vyeo sitaandika, maana vilikuja vyenyewe na sikuviona vikibadili kitu. Habari za mshahara mnazijua. Wangu ulikuwa mdogo wa ule wenu. Nitaandika juu ya mikono. Nitaandika pia juu ya Kahindo, ingawa hamkuniomba, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kuandika zaidi ya namna ya kuchemsha mikasi.

Kiswahili changu ni cha shule na cha misa. Lakini watu wakisema, nitawaacha waseme kama tunavyosemaka kwetu, na mais yetu ya lakini na donc yetu ya basi.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwenye diploma mpya na bluzi nyeupe iliyotiwa wanga mwingi hata iliingia mlangoni kabla yangu. Aliyenipokea ni Mama Edwige, mkunga mkubwa wa pale, mwanamke mzito wa mwendo wa polepole, ambaye baragumu yake ndogo ya mbao, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ilikuwa daima mfukoni kama vile wanaume wanavyobeba kiko. Hakuniuliza jina. Alinipeleka kwa mama mmoja aliyelala kitandani, akaweka mkono wangu juu ya tumbo lake, akasema, "Niambie."

Nilipapasa. Nikasema, "Labda ni kichwa."

Aliutoa mkono wangu pale kama mtu anayeondoa inzi. Alimaliza mwenyewe, akamwambia yule mama, "Kichwa chini, mutoto muzuri," kisha akanipeleka nje, karibu na tangi la maji.

"Ule mama ametoka mbali," aliniambia. "Ameacha shamba, ameacha batoto, iko na woga. Haangalie mukono yako, anaangalia uso yako. Ukisema labda, yeye anasikia kifo. Mukono ya mukunga haisemaka labda. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia kweli. Nililibeba neno lile kwa miaka yote ya kazi yangu, na mpaka leo sithubutu kusema lilikuwa neno baya.

Mengine aliyonifundisha nawaandikia hapa, maana naona wengine mnayaruka. Pasha mikono moto kwanza. Njia rahisi ni kuiweka shingoni mwako mwenyewe. Anza juu, mwisho wa kizazi. Kilicho kigumu na cha mviringo, kinachocheza peke yake katikati ya vidole, ni kichwa. Kilicho laini, ambacho ukikisukuma mwili wote unakifuata, ni matako. Mgongo ni kama ubao. Mikono na miguu ni kama viazi vidogo ndani ya mfuko. Baada ya hapo ndipo unachukua baragumu na kutega sikio. Wakati ule glavu tulizifua, tukazianika kwenye kamba pamoja na nepi, na wagonjwa wageni walidhani tunakausha mikono ya watu.

Nikawa hodari. Nasema bila aibu kwa sababu itawasaidia kuelewa yanayofuata. Mama Edwige alipokwenda kwao kupumzika, baragumu aliniachia mimi. Wanawake walitoka mtaani na vijijini wakisema, "Tunamutaka Mama Katungu, ule hatetemekake." Nilikuwa nagusa tumbo, naona mtoto wazi kama vile ninavyoona mlango wa nyumba yangu, nasema, na kwa kawaida mtoto alikuja vile nilivyosema.

Kisha masera, watawa wenye maternite, walituletea Kahindo.

Alitoka Luofu, kusini, kwa watu wa mashamba. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, Mprotestanti katikati ya maternite ya Wakatoliki, na alikuwa na tabia ya kuimba Kinande kwa sauti ya chini akitandika vitanda. Wiki yake ya kwanza alimpapasa mama mmoja mbele yangu, akapapasa tena. Halafu akasema waziwazi, yule mama akisikia, "Mi siko na hakika. Nitarudia nyuma kidogo."

Nilimwangalia yule mama nikingoja aanze kulia. Alisema tu, "Sawa, mama," akageuka upande akafumba macho.

Nilimpeleka Kahindo kwenye tangi la maji, nikampa mahubiri ya Mama Edwige, neno kwa neno. Alisikiliza kwa heshima. "Ndiyo, yaya," alisema, kama mtu anavyomjibu dada yake mkubwa. Siku iliyofuata akafanya vilevile.

Haikupita muda mrefu wanawake wakaanza kumwulizia. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la konsiltasio, la kungojea kupimwa, mimi nimesimama mlangoni na bluzi safi, na mmoja ananiuliza, "Ule mama wa Luofu iko?"

"Mimi niko," nasema.

"Ndiyo, mama, tunakuona. Tutamungojea."

Wivu hauanzi kama watu wanavyodhani, na hasira. Kwangu ulianza na bidii. Nilianza kufika mapema ili niwapate wamama wa kwanza. Nilichunguza vidole vyake akifanya kazi. Niliona anatumia mafuta ya mawese kidogo kulainisha viganja, na mimi nikaleta mafuta ya mawese. Nikibaki peke yangu na masera nilisema Kahindo ni mtu mzuri sana, ila ni mpole wa kazi, na mpole wa kazi huchelewesha wengine. Masera waliitikia kwa kichwa. Nao walipokuwa na dada au binamu mwenye mimba, walimpeleka kwa yule mpole wa kazi.

Kesi ninayotaka mjue ni ya mama mmoja wa Kasugho, jina lake Kyakimwa. Alifika mchana kwenye pikipiki, matope mpaka magotini, uchungu umeshaanza, mama mkwe wake nyuma na furushi kichwani. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata ilibidi kupaza sauti. Nilimpapasa. Kichwa chini. Sikuwa na shaka hata ya punje.

Desturi yetu ilikuwa wawili kushika, kwa hiyo Kahindo alishika baada yangu. Alikawia juu, karibu na mbavu.

"Yaya, hapa juu iko ngumu sana."

"Ni matako ya mutoto munene."

"Inawezekana. Mais mi siko na hakika."

"Wewe haunaka hakika."

"Hapana," alisema bila kukasirika. "Ule mama wa jana nilikuwa na hakika, na nilikuambia. Leo sina. Tumuite dokta."

"Dokta anakula. Unataka kumutoa mezani ju mukono yako imechoka?"

Alinawa, akatoka. Nilifikiri amekwenda kulia nyuma ya jiko, na sitasema kwamba wazo lile lilinihuzunisha. Kumbe alikuwa amemtuma mlinzi nyumbani kwa Dokta Kasereka.

Chupa ya uzazi ilipopasuka, kilichoshuka ni mguu.

Ninyi mliosoma mnajua maana yake. Mtoto amekaa vibaya, kichwa ndicho kitakuja mwisho, na kikikwama unakuwa na muda mfupi sana. Nilijua cha kufanya na nilianza kukifanya, lakini mikono yangu, kwa mara ya kwanza, haikuniambia chochote. Ndipo dokta akaingia na koti lake la mvua mwilini, maji yakimtiririka. Tulifanya watatu. Mtoto alitoka na rangi ya majivu, Kahindo akamsugua mgongo, akamgeuza, akamsugua, na mwishowe mtoto akalia. Mvulana, mzima, mikono na miguu yote inacheza.

Mama mkwe alifungua furushi lake. Ndani ulikuwa unga, nguo za mtoto, na kuku amefungwa miguu. "Wasingya, wasingya," alikuwa anasema, shukrani za kwetu, machozi yakimtoka. Ninyi mtanisamehe, mtu akiandika lazima aandike. Kabla ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya yule mtoto, niliangalia kuku anakwenda mikononi mwa nani.

Alikwenda kwa Kahindo.

Nilijiambia ni kosa moja. Kahindo mwenyewe alikuwa anakosea, nilikuwa nimemwona, na nilikuwa na hakika anakosea kuliko mimi. Neno hili lilinila moyo miaka mingi, kwa sababu lilikuwa kweli, na nilikuja kupata ushahidi.

Ushahidi uliletwa na mashini ya ekografi, ile ya kumwona mtoto ndani ya tumbo. Yetu ilikuwa ya mwisho kufika, baada ya zile za hospitali kubwa za Beni na za hapa mjini. Dokta Kasereka alitaka kuwafundisha wanafunzi, kwa hiyo akaweka utaratibu: siku za konsiltasio, kabla hajaweka mashini, mimi na Kahindo tushike kwanza na kila mmoja aseme anachokiona. Kahindo hakupenda. "Hii tumbo ni ya mutu, dokta, hapana mupira," alisema. Mimi nilikuwa nimeshakubali kabla dokta hajamaliza maneno.

Tulifanya hivyo tangu mvua zilipoanza mpaka zilipokwisha. Na mimi nilishinda. Dokta alisema mwenyewe mbele ya wanafunzi: "Mama Katungu anapata kuliko sisi bote." Siku ile nilipika wali katikati ya juma, mume wangu akauliza ni sikukuu ya mtakatifu gani.

Wiki iliyofuata aliletwa mama mwenye shida, dada wa fundi wetu wa umeme, mtoto amelala asivyoeleweka. Nikasikia sauti ya dokta kwenye baraza: "Muite Kahindo."

Nilikwenda ofisini kwake. Sikukaa.

"Dokta, ulisema mimi napata kuliko yeye."

"Ndiyo. Na nitarudia kusema."

"Sasa mbona unamuita yeye?"

Alifunga kalamu yake. Alikuwa mtu asiyependa kuumiza watu, na nilimwona anatafuta njia ya kuzunguka, akaikosa.

"Mama, Kahindo akisema 'iko kichwa, niko na hakika', mi naacha mashini nakwenda kwa mugonjwa mwingine. Kwa sauti ile hajanidanganyaka. Akisema 'siko na hakika', naleta mashini. Donc kila mara najua cha kufanya. Wewe unapata mingi, mingi sana. Mais siku unakosea, unakosea kwa sauti ile ile."

"Unataka niseme sijue wakati najua?"

"Hapana. Nakuuliza kitu kimoja. Ule mama wa Kasugho. Wakati ulimushika, ndani yako ulisikia tofauti yoyote na siku zingine?"

Nilitafuta. Nilimtafutia kwa haki kabisa, maana nilitaka sana kuipata. Nilirudi kwenye mvua ile, kwenye tumbo lile, kwenye vidole vyangu. Hakika niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa sawa kabisa na hakika ya siku nyingine zote.

"Hapana," nilisema.

"Ndiyo hiyo, mama."

Msidhani sikujaribu kubadilika. Nilianza kusema "siko na hakika" na mimi. Niliisema vizuri, kwa sauti ya upole, hata nikainamisha kichwa kidogo kama yeye. Shida ni kwamba niliisema mahali pasipofaa. Niliisema juu ya watoto niliokuwa nimewapata sawasawa, dokta akaleta mashini bure. Na wale niliowakosea, hao niliwatangaza kama padri anavyotangaza Pasaka. Mwanafunzi mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Hapo nilielewa jambo ambalo sikulipenda: Kahindo hakuwa mnyenyekevu. Watu walimsifu kwa unyenyekevu, na masera walimtolea mfano, lakini mimi niliyekuwa namchunguza nilijua. Alipokuwa na hakika alibishana na dokta mpaka dokta akanyamaza. Unyenyekevu ningeweza kuuiga. Yeye alikuwa na kitu kingine. Mkono wake ulipomdanganya, ulimwambia. Wangu ulinidanganya ukanyamaza.

Ulipokuja ule ugonjwa mbaya wa homa na kutoka damu, ulioanza upande wa Mangina ukapanda mpaka kwetu, nilidhani sote tutakuwa sawa. Tulivaa glavu mbili, uso umefunikwa, mkono hausikii chochote. Mji wote ulijaa watu wenye hakika. Mmoja ana hakika ni siasa, mwingine ana hakika ni sumu, mwingine ana hakika jirani yake ndiye amemroga. Mama mwenye mimba akija na homa, ndugu zake walisimama getini wakitaka tuseme: iko nayo ama hana? Mimi niliwaambia, "Hana, iko malaria, ninaona," na nilikuwa nimeona kweli, na hawakuniamini. Kahindo alitoka akawaambia, "Mi sijue. Wewe haujue. Tungoje damu iseme." Wakakaa chini kwenye majani wakangoja. Hata hofu ya mji mzima ilimpendelea yeye.

Sasa nafika mahali ambapo nilitaka kuacha, lakini Masika, binti yangu wa kwanza, amesema niandike.

Masika aliolewa Mangina, kwa mkulima wa kakao, kijana mtulivu. Mimba yao ya kwanza ilikwenda vizuri. Alikuja kwetu Noeli, nikamshika, nikamwambia iko nzuri. Baadaye, amesharudi kwao, mtoto aliacha kucheza. Alimzaa akiwa amekufa. Nataka muelewe kwamba siku niliyomshika, mtoto alikuwa mzima na amekaa sawa. Hakuna mkono duniani ambao ungeona kilichokuwa kinakuja.

Mimba ya pili ilipokaribia mwisho, mwaka wangu wa mwisho wa kazi, alikuja kukaa kwangu Butembo, kwa sababu barabara ya kwao haiaminiki na mume wake hakutaka akwame huko. Nilimlaza kwenye kitanda changu mwenyewe. Nikapasha mikono. Kichwa chini, mgongo upande wa kushoto, moyo unapiga kama mtu anayekimbia mvua.

"Iko muzuri," nilimwambia.

Alikuwa anaangalia dari. "Mama, hata ile ya kwanza ulisema iko muzuri."

"Na ilikuwa muzuri."

"Najua. Sikugombanishe." Alivuta kitenge juu ya tumbo. "Mais naomba Mama Kahindo naye anishike."

Nilikwenda jikoni. Nilifunika sufuria iliyokuwa imefunikwa tayari.

Kahindo alikuja Jumapili, ametoka kwenye ibada, bado amevaa kitenge cha kwaya. Nilimpa chai na mkate kama mgeni wa heshima. Alimshika Masika kwa muda mrefu. Alifumba macho. Aliomba baragumu, ile ya Mama Edwige, akasikiliza, akamrudishia mkono tumboni.

"Ju ya kichwa, mama yako anasema kweli," alisema mwishowe. "Na moyo iko muzuri. Mais kuna kitu hapa chini siielewe. Sisemi iko mubaya. Nasema siielewe."

Yote niliyokuwa nimeyameza kwa miaka yalipanda kwa mara moja. "Mutoto wangu amezika mumoja tayari," nilimwambia. "Unaingia mu nyumba yangu, unakunywa chai yangu, unamuletea siielewe?"

Aliyejibu ni Masika. Nilidhani nitamkuta anatetemeka. Alikuwa amekaa kitandani anafunga kitambaa chake kichwani, mtulivu kuliko tangu alipofika.

"Donc twende kwa mashini," alisema.

Mashini ya kwetu siku ile haikuwa na moto, betri za jua zilikuwa zimekufa. Tulipanda pikipiki tatu mpaka hospitali ya upande wa pili wa mji. Tulingoja kwenye baraza, mimi na mfuko wa nguo magotini, Kahindo akiimba kidogo kidogo, Masika amelaza kichwa begani. Begani pa Kahindo, si pangu.

Dokta kijana alizungusha ile mashini, akaangalia, akazungusha tena.

"Kila kitu iko sawa," alisema. "Mutoto ameweka mukono karibu na uso, kama mutu anafikiri. Labda ndiyo hiyo mulisikia. Ataitoa mwenyewe."

Basi nilikuwa sahihi. Kichwa chini, mgongo kushoto, mtoto mzima, vile nilivyosema tangu mwanzo juu ya kitanda changu. Nilimgeukia Kahindo, nikingoja kuona haya usoni mwake. Nilikuwa nimengoja uso ule tangu siku ya kuku.

Alikuwa anacheka. Alipiga makofi mara moja, kama mtoto. "Aksanti Mungu," alisema. "Sasa tunajua." Na Masika akamkumbatia, yeye aliyekuwa hajui, wakati mimi niliyejua nimesimama na mfuko.

Jioni, tunachambua maharage, nilishindwa kunyamaza. "Nilikuambia iko muzuri."

"Ndiyo, mama. Uliniambia."

"Sasa?"

Aliendelea kuchambua. "Wewe ukisema iko muzuri, mi sijue kama unaniambia ao unanibembeleza. Labda hata wewe haujue. Yeye akisema iko muzuri, nitalala."

Kesho yake nilimfuata Kahindo kazini, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja zaidi ya nusu ya maisha yetu na sikuwa nimemwuliza kamwe.

"Unajuaka namna gani?" nilisema. "Ile siku mukono inadanganya. Nani anakuambia?"

"Kunaingiaka baridi hapa," alisema, akagusa chini ya mbavu. "Kidogo tu. Wewe hauisikiake?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitoa vyombo kwenye maji ya moto, akavipanga juu ya kitambaa. "Mi, yaya, nilikuwa nakuonea wivu," alisema. "Kweli. Unamaliza, unavua bluzi, unakwenda kulala. Mi ile baridi nakwenda nayo nyumbani. Nakula nayo. Mume wangu anajua, akiniona nakaa kimya anauliza ni tumbo ya nani. Mpaka mutoto azaliwe."

Neno kama hilo lilipaswa kunituliza. Nililirudisha nyumbani nikaligeuza pande zote. Nililoliona ni kwamba hata kuona wivu yeye alikuwa amekufanya vizuri kuliko mimi, kwa upole, miaka yote, na hakuna mtu aliyejua.

Uchungu wa Masika ulianza asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Nilifika salle, chumba cha kuzalia, nimevaa aproni, nimefunga nywele, mikono imeoshwa mpaka viwiko. Kahindo alikuwa ameshafika. Nilisogea mahali pangu, miguuni pa kitanda, pale ambapo nimesimama maisha yangu yote.

"Mama," Masika alisema. "Kaa nyuma yangu. Unishike. Leo wewe uko koko, bibi ya mutoto, hapana mukunga."

Nilimwangalia Kahindo. Alikuwa anaangalia sakafu.

Nilipanda kitandani, nikakaa nyuma ya binti yangu, mgongo wake kifuani mwangu, mikono yake ndani ya yangu. Sikuwahi kukaa upande ule. Hakuna unachoona. Unaona kuta, unaona nywele za mtoto wako zimelowa jasho, na kitambaa cha kichwani cha mkunga kinachoinama na kuinuka. Nimewaambia mamia ya bibi wakae pale na wanyamaze, na sikujua nilikuwa nawaweka wapi.

"Unaona nini?" niliuliza.

"Ngoja, yaya."

Masika alinibana vidole. Mwili wake wote ukawa mgumu, kisha ukalegea.

"Kahindo. Unaona nini?"

"Sijue bado. Ngoja."

Mdomoni nilikuwa na majibu mengi, yote tayari, yote na sauti ya Mama Edwige. Nikayaacha pale. Nikangoja. Nilisikia moyo wa Masika kupitia mgongo wake, na wangu, na sikuweza kuitenganisha. Kisha kitambaa kiliinuka, na Kahindo akatuangalia, sote wawili, kwa uso ambao dokta alikuwa akiuona na kuacha mashini.

"Niko na hakika sasa," alisema. "Masika, sukuma."

Alisukuma. Nadhani na mimi nilisukuma. Mgongo uliniuma wiki nzima. Alitoka msichana, na kabla hajamaliza kutoka alikuwa ameanza kulia. Aliyemshika wa kwanza ni Kahindo, wa pili mama yake, mimi wa tatu. Alikuwa mzito kuliko nilivyokadiria.

Masika amesharudi Mangina na mtoto wake. Kahindo bado ana miaka michache ya kazi. Muwaulize wanawake kwenye benchi, watawaambia wanamngoja nani. Jumapili baada ya ibada anapitia kwangu. Sikumbuki nilimkaribisha lini, lakini anakuja, na anajua kiti chake.

Jumapili iliyopita nilimpigia Masika simu. Aliniambia mtoto ana joto kidogo na amekataa kunyonya asubuhi. Akaniuliza ni nini. Nilijua ni nini. Ni meno, nilikuwa naona kabisa ni meno.

"Sijue," nilimwambia. "Umupeleke bamupime."

Nilimsikia anamfunga mtoto mgongoni.

"Aksanti, mama," alisema. Kisha akasema, "Mama Kahindo iko hapo? Nipe nimusalimie."

Nikampa simu. Walizungumza, wakacheka, wakazungumza tena, mpaka inite, pesa za simu, zikaisha. Zilikuwa zangu.